Shamba Walilokulimia Bila Kukuuliza

Mwanangu Rebeka,

Sikuulizi hali, maana nakusikia kutoka hapa nilipo. Nimeketi darasani, watoto wamekwisha kwenda kwao, na wewe uko nyumbani unatwanga mahindi kwa nguvu kana kwamba mahindi hayo ndiyo yaliyokukosea. Twanga tu. Aliyekukosea yuko huku ameshika kalamu.

Mama yako atakupa barua hii ukimaliza kula jioni. Ningeweza kukuita tukazungumza, nyumba yenyewe iko ng'ambo ya uwanja tu. Lakini unanijua. Nikifungua mdomo mbele ya mtu, hata mbele ya binti yangu, sauti ya mimbarini inatoka yenyewe, na kabla hujakaa vizuri nitakuwa nimekwisha kukuambia mambo ya uvumilivu. Leo sitaki kukuambia mambo ya uvumilivu. Nina hasira, Rebeka. Nimekuwa nayo tangu Jumapili, leo mchana imezidi, na nisipoiandika sasa itageuka kuwa unyenyekevu, maana hivyo ndivyo nilivyozoea kuigeuza kwa miaka thelathini.

Mambo ya blanketi, ya sabuni, ya kutojibizana na madereva wa malori, mama yako amekwisha kukuambia na kesho atakuambia tena. Mimi nayaruka.

Nianze na Jumapili. Ulikuwepo, lakini nataka uione kutoka pale nilipokuwa nimekaa mimi. Matangazo yalipokwisha, Mzee Lazaro akasimama. Akakohoa kile kikohozi chake kisicho na ugonjwa, ambacho maana yake ni kwamba sasa anasema mzee wa kanisa na si jirani yetu wa mpaka wa viazi. Akasema, "Ndugu zangu, Mwalimu wetu magoti yamechoka. Darasa la wadogo halina mtu, na misheni hawaleti mtu. Lakini Mungu hakututupa. Huyu hapa Rebeka, amesoma mpaka darasa la sita, mtoto wetu wenyewe. Mwalimu alitupa maisha yake. Sasa atatunyima mtoto?" Akacheka, na watu wakacheka naye. Akina mama wakapiga vigelegele kabla mimi sijajibu.

Nikasimama. Nilijua kwamba hospitali ya misheni kule Iringa wamekwisha kukuandikia. Nilijua kwamba Jumatatu wanafungua mafunzo, na kwamba usipofika nafasi yako anapewa msichana mwingine na hakuna habari ya mwakani. Barua yao ilikuwa mfukoni mwa koti langu, nililigusa koti hilo kwa nje nikiwa nimesimama. Nikasema, "Ni mtoto wenu. Nimemtoa."

Nimemtoa. Kama kuku wa sadaka aliyefungwa miguu chini ya meza.

Nilikuona. Ulikuwa upande wa wanawake, benchi la tatu. Hukugeuka wala hukulia, uliinamisha kichwa tu, na watu walidhani unaomba. Tangu siku hiyo unaniambia "Shikamoo Baba" asubuhi na "Chakula tayari Baba" jioni, basi. Na hapo niseme na wewe pia, kwa sababu leo sitaki kumsaza mtu. Kwa nini hukusimama? Mdomo unao. Uliwahi kumjibu hata Sista wa bwenini mpaka wakaniita. Kwa nini mbele ya Lazaro ulikuwa bubu? Halafu najiuliza ni nani aliyekufundisha kunyamaza wazee wakisema, na jibu lake ninalo, na silipendi.

Mama yako hakunyamaza. Tulipofika nyumbani alivua kitambaa cha kichwa akakitupa kitandani, akaniambia, "Baba Danieli, na huyu naye umemgawa?" Nikamwambia ni kazi ya Mungu. Akasema, "Mungu alikuja lini hapa kuomba mtoto? Mimi sikumuona. Mimi nimeona Lazaro." Akaanza kukunja nguo zako. Hakuniuliza kama utakwenda au hutakwenda. Anakunja, anakunjua, anakunja tena, wiki nzima sasa, na kila nikiingia chumbani ananipa mgongo.

Sasa sikia habari ya shamba. Tangu Jumatatu umewaona watu wakishuka na majembe kwenye kile kipande chini ya kanisa. Ukaambiwa wanalima maharage ya kanisa. Si ya kanisa. Ni shamba lako.

Wewe umekulia bwenini, hii desturi hujaiona ikifanyika, kwa hiyo nakuandikia wazi. Watu wa milima hii wakitaka mwalimu akae hawabishani naye wala hawamwandikishi mkataba. Wanamlimia shamba. Wanalima wote, wajane na vijana, hata wagonjwa wanashika jembe mara mbili tatu wapate kuhesabiwa. Wakimaliza, wanakuja mlangoni kwako asubuhi wakiimba na jembe jipya, na mama mmoja mzee anapiga magoti anakukabidhi. Ukilipokea umekwisha. Hakuna maandishi, lakini sijaona mtu aliyeweza kulikataa, maana utamwambia nini bibi kizee aliyekwisha kuinama siku tano kwa ajili yako?

Mimi hawakuniambia. Nilikuja hapa kwa mwaka mmoja, sijui kama unalijua hilo. Misheni walinitoa kwetu Uhehe wakaniambia, nenda Usafwa, kaa mwaka, tutapata mtu. Nilikuja kwa miguu, ubao mweusi mgongoni, nina miaka ishirini na miwili na sijui hata salamu ya Kisafwa. Kule nyumbani nilimwacha mama yangu peke yake. Nilimwambia, mvua zikirudi, nami narudi. Mwaka ulipokwisha nilifunga mkeka wangu. Asubuhi nikasikia nyimbo. Nikafungua mlango, nikaona matuta ya viazi yamenyooka mpaka kijitoni, na bibi mmoja amepiga magoti na jembe bado linang'aa. Nikalipokea. Nilifikiri nitavuna viazi hivyo kwanza, ndipo niondoke.

Mama yangu alizikwa mwaka wa pili yake. Habari ilinifikia wamekwisha kuanua matanga, nami nimeshika jembe lilelile napalilia. Watu wa hapa walikuja wakaimba, wakalia nami kwa kweli, na Lazaro, wakati huo kijana, alilala kwangu siku tatu ili nisiwe peke yangu. Ndiyo maana hasira hii inanisumbua. Ingekuwa watu hawa ni wabaya, ningekwisha kuondoka zamani. Mwaka niliposhikwa na kichomi walinibeba kwa machela mpaka Mbeya, wakipokezana, mvua inawapiga, wakikataa hata kunitua chini kwenye tope. Nawapenda, Rebeka. Sina pa kuitupa hasira hii isipokuwa hapa kwenye karatasi na usoni mwangu mwenyewe.

Nikuambie habari ya kaka yako, maana uliisikia nusu. Watu husema Danieli alikwenda machimboni kwa sababu alikuwa na kichwa kigumu. Nimewaacha waseme hivyo miaka yote hii, inanipunguzia. Danieli hakuwa na kichwa kigumu. Alikuwa wa kwanza darasani, na darasa nilifundisha mimi, najua.

Shule yetu iliishia darasa la nne kama inavyoishia hadi leo. Mwaka ule misheni walituma neno kwamba kila shule ya kijiji ipeleke majina mawili ya wavulana watakaokwenda darasa la tano bwenini. Danieli alikuwa wa kwanza. Wa pili alikuwa mtoto wa mjane mmoja wa kule juu, na wa tatu mpwa wake Lazaro. Niliandika majina kama yalivyokuwa. Wino ukakauka, nami nimekaa nayatazama. Nikaanza kusikia watu watakavyosema. Mwalimu kajipendelea. Mwalimu kaweka wa kwake. Wala hapakuwa na mtu aliyesema neno hilo. Hata mmoja. Nililisikia kichwani mwangu tu, nikachukua karatasi nyingine, nikaandika upya bila Danieli.

Nikamwambia, "Mwakani, mwanangu. Mtoto wa mwalimu anangoja wenzake wapite." Akasema, "Ndiyo, Baba." Mwaka uliofuata wakaleta sharti la umri, naye alikuwa amekwisha kulipita kwa miezi michache.

Mchungaji alipopita kwenye safari yake akasikia habari ile, akaihubiri. Alininyooshea kidole pale mbele. "Mnamwona mtu huyu? Mtumishi ni huyu. Hakumtazama mwanawe." Nikainamisha kichwa kwa adabu. Lakini ndani, nikuambie ukweli, nilikuwa nimelewa. Wangapi nimewasimamisha ushirika kwa sababu ya pombe ya komoni? Wale walilewa Jumamosi, Jumapili wakaamka kichwa kinawagonga wakajuta. Mimi nimelewa sifa miaka thelathini, na kichwa kimeanza kuniuma wiki hii.

Na Danieli alikuwa amekaa palepale kanisani. Nilimwona anakwangua benchi kwa ukucha, taratibu, huku watu wanamgeukia na kutabasamu kana kwamba na yeye amesifiwa. Hakugombana nami hata siku moja. Alikwenda Chunya kwenye dhahabu na wenzake wawili, kisha tukasikia wamevuka mpaka kwenda kusini kwenye migodi. Ilikuja barua moja. Mwandiko wake ni wangu, herufi kwa herufi. Alisema ni mzima, akasalimu watu wote kwa majina, na mimi akanisalimu wa mwisho. Hakuandika mahali alipo. Mama yako akishuka sokoni Uyole huwauliza madereva wanaotoka kusini kama wamemwona kijana mrefu mwenye kovu kidevuni, nao humjibu kwa heshima kwamba hawajamwona. Sijui kama yu hai. Nimeandika sentensi hiyo sasa kwa mara ya kwanza.

Lingine unalijua wewe kuliko mimi, lakini hatujawahi kulitaja. Ulikuwa na miaka tisa. Nilikuwa kanisani nikiwasikiliza wanaotaka kubatizwa, mmoja mmoja. Mchungaji alikuwa anakuja keshoye, nami nilitaka akute kila kitu kimenyooka. Ukatokea mlangoni unahema. Nilikuona vizuri sana. Nilijua siku za mama yako zimefika, na nilijua mtoto hatumwi mbio namna ile bila sababu. Nikakunyooshea kiganja, maana yake ngoja.

Ukangoja, kwa kuwa ulikuwa mtoto mwenye adabu. Ulisimama pale unajikanyaga mguu kwa mguu mpaka watu wanne walipomaliza kujibu. Mmoja alisahau katikati, nikamwambia kwa upole aanze tena mwanzo. Kwa upole! Upole huo nilikuwa nao mwingi kwa kila mtu siku hiyo.

Tulipofika nyumbani mdogo wako alikuwa amekwisha kuviringishwa kitambaa mpaka usoni. Mama yako alipona kwa ubishi wake mwenyewe, hakukuwa na mkunga wa kusomea wala dawa, palikuwa na bibi mmoja na maji ya moto. Keshoye nilisimama na Mchungaji tukabatiza. Nilisimama imara. Watu walisema, mtazameni Mwalimu, jana amepata msiba na leo yuko kazini. Nikasikia vizuri walivyosema.

Hukuwahi kunilaumu. Ila Sista wa bweni alipowauliza wasichana wa darasa la sita kila mmoja anataka kazi gani, ulimjibu kwamba unataka kuzalisha wanawake. Aliniandikia barua kwa furaha. Mimi nilijua kazi hiyo uliichagua siku gani, umesimama wapi. Na pamoja na kujua, Jumapili nimesimama nikakutoa ukafundishe watoto a e i o u kwenye chumba hiki kinachovuja.

Usifikiri nadharau chumba hiki. Nimekipenda. Nimeona humu bibi wa miaka sitini akisoma jina lake mwenyewe mara ya kwanza, akalifuta kwa mkono, akaniambia niliandike tena aone kama litatoka lilelile. Siku kama hizo sizibadilishi na kitu. Wala sijaacha kuamini. Ningekuwa nimeacha, nisingekasirika hivi, ningechukua kibuyu nikaenda kukaa na wenzangu.

Nimejiuliza wiki nzima kosa langu hasa ni lipi, maana kufundisha si kosa, na kuwapenda watu si kosa. Nimefika hapa: nilimtolea Mungu vitu ambavyo havikuwa vyangu. Magoti yangu ni yangu, nimempa, sidai. Usingizi wangu, sawa. Lakini darasa la tano lilikuwa la Danieli. Saa ile ya mlangoni ilikuwa ya mama yako. Hata uzee wa mama yangu ulikuwa wake, nami nikautoa bila kumwambia. Ni rahisi sana kuwa mkarimu kwa kitu cha mwenzako, Rebeka, na watu wanakupigia vigelegele vilevile. Siku ukiona mkono wako unatoa na moyo unafurahi kutazamwa, simama kwanza uulize, hiki ninachotoa ni cha nani?

Naona nimeanza kuhubiri. Niache.

Lakini moja nitakuambia, na ulichukue kama mtu anayekuambia njia ina shimo kwa sababu ametumbukia. Jifunze kusema hapana kwa mdomo, tena mapema, kwa mambo madogo. Mimi nilidhani hapana ni kitu ambacho mtu anakuwa nacho akibani, akikitaka atakitoa. Nimekitafuta leo nimekikosa.

Maana leo mchana, watoto walipokuwa mapumzikoni, Mzee Lazaro alikuja hapa darasani. Alikuwa na udongo mpaka magotini, anafuta jasho, anafurahi kama mtu wa harusi. "Mwalimu," akasema, "shamba limekwisha. Weusi wa udongo ule, mwenyewe utashangaa. Kesho tukitoka sala ya asubuhi tunakuja na jembe. Mke wangu ndiye atampigia magoti."

Nilikuwa nimeshinda wiki nzima na hasira hii kifuani. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa hata nimeyasema kwa sauti nikiwa peke yangu njiani: Lazaro, binti yangu anakwenda Iringa. Maneno matano. Nikamtazama, nikaona udongo wa magotini, nikakumbuka machela. Nikasema, "Karibuni."

Karibuni! Alipotoka nilipiga meza mpaka wino ukamwagikia karatasi hizi zikiwa bado tupu, ndilo doa unaloliona juu ya ukurasa wa kwanza. Mtoto mmoja akachungulia dirishani akakimbia kuwaambia wenzake kwamba Mwalimu anapigana na meza. Siku hizi watu wa siasa wanapita sokoni Mbeya wakisema karibu tutajitawala. Nawasikiliza, nawaunga mkono. Lakini mimi siwezi kujitawala hata mbele ya Lazaro mwenye udongo magotini.

Kwa hiyo nimeamua kufanya lile ninaloliweza, maana la kusema limenishinda. Wamesema watakuja wakitoka sala ya asubuhi. Sala haianzi mpaka kile chuma tunachokitumia kama kengele kigongwe, na anayekigonga ni mimi. Kesho hakitagongwa. Tangu nije hapa hakijawahi kukaa kimya alfajiri hata moja, watadhani nimepitiwa na usingizi, watangoja kwa adabu, na wakati huo sisi tuko njiani. Basi la Iringa linapita Uyole asubuhi. Ukitoka hapa kabla hakujapambazuka vizuri utaliwahi. Mama yako anajua, nimemwambia nilipokwenda kunywa maji. Aliacha kukunja, akalifunga sanduku kwa kamba.

Jumapili nitasimama mbele yao. Nitawaambia kwamba nilisema uongo pale kanisani, kwamba nilitoa kitu nisichokuwa na ruhusa nacho, na kwamba wewe hukukataa wito wowote, ni mimi niliyekosa. Wanisimamishe ushirika kama nilivyowasimamisha wao, ni haki yao. Watakasirika. Huenda nisipate tena mtu wa kunibeba. Shamba wanaweza kupanda viazi, viazi vitaota hata kama wewe hupo, na watoto wa darasa la wadogo nitawakalisha pamoja na wakubwa mpaka misheni waone aibu ya kutoleta mtu. Hayo ni yangu. Usiyapakie kwenye safari yako, na usiniandikie kutoka huko barua za kuniuliza kama wamenisamehe.

Kule hospitali, siku mtu akitokea mlangoni anahema, mwache unayemsikiliza. Hata kama ni mchungaji. Hata kama ni Mungu unayezungumza naye, yeye atangoja, hana mimba.

Nisamehe sikukuambia haya kwa mdomo. Nisamehe na lile la Jumapili. La Danieli si lako kunisamehe, namngoja mwenyewe.

Limebaki jambo moja, ndilo lililonifanya niandike yote haya, na nataka ulisome mara mbili. Kesho sanduku lako nitalibeba mimi. Nimemwambia mama yako nitakusindikiza mpaka Uyole, na nina nia ya kweli. Lakini njia inapita kando ya shamba lile, na watu wa hapa huamka mapema. Huenda tukamkuta Lazaro amesimama kwenye matuta anayatazama, au mkewe. Wataniita kwa sauti ya upendo. Nami najijua. Nitaanza kutembea polepole. Nitatafuta neno la kusema, nitasema tuwasalimie kidogo, basi halijafika, hakuna haraka. Ukisikia nasema hakuna haraka, chukua sanduku mkononi mwangu. Nikilishikilia, nipokonye. Mimi ni mzee na vidole vyangu vina baridi yabisi, utanishinda. Kisha nenda, wala usingoje kuniaga.

Baba yako